Wauza miwani, tuulizeni kwanza tunashinda wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linalohusu macho ya watu wa huku Kusini, hasa wale wanaofanya kazi juani nao wamezaliwa na macho ya kuhitaji miwani.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kazi yangu ni kupokea mzigo wa mkulima pale uwanjani, kumwaga sampuli na kuangalia ubora, kusimamia mizani, halafu kuingia ghalani kuandika kitabuni na kutoa stakabadhi. Nje, ndani, nje, ndani, tangu saa mbili asubuhi hadi taa zinapowashwa. Nina miaka 48. Sioni mbali tangu nikiwa kidato cha pili, na namba yangu sasa ni kasoro tatu na robo, macho yote mawili. Bila miwani namtambua mtu kwa mwendo wake, si kwa sura.

Miaka mitano iliyopita, kwenye kona ya jicho langu la kulia, upande wa pua, kilianza kuota kinyama. Mtaalamu wa macho aliyenipima aliniambia kinyama cha namna hiyo huwapata zaidi watu wanaoshinda kwenye jua, upepo na vumbi. Akanishauri nisikae tena juani bila kofia pana na bila kinga ya macho. Ndipo nikaingia duka moja la miwani mjini Mtwara, cheti cha vipimo mkononi, akiba ya msimu kwenye pochi, nikauziwa miwani ya kubadilika: ndani nyeupe, juani nyeusi. Shilingi laki moja na themanini elfu, pamoja na fremu. Kwangu hizo si hela ndogo.

Siandiki kuilaumu miwani hiyo. Hata leo ninavaa ya aina hiyo hiyo, ni ya pili sasa, na nitanunua ya tatu Mungu akinipa uhai. Ninachokilalamikia ni kwamba kijana aliyeniuzia hakuniuliza swali hata moja kuhusu kazi yangu. Aliniuliza rangi tu: itakapoingia weusi, nataka weusi wa kijivu au wa kahawia? Nikasema kahawia, kwa sababu niliona inanipendeza. Akaandika risiti. Mambo mengine yote nimeyajua kwa kuhangaika, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa ili mwenzangu asianzie pale nilipoanzia mimi.

Nianze na hiyo rangi, maana ilinipa aibu ya kwanza. Korosho iliyokomaa na kuanikwa vizuri ina kijivu chenye mng'ao fulani. Iliyolala chini ikanyeshewa huingia weusi na madoa. Changa husinyaa. Tofauti ya daraja la kwanza na la pili kwa mkulima ni ada ya mtoto, si jambo la kupapasa. Sasa mimi nimesimama uwanjani na kahawia usoni, kila kitu kimekuwa na wekundu wa udongo wa Tandahimba, na yale madoa yamezama humo humo. Siku ya tatu ya msimu mwenzangu aliinama kwenye sampuli niliyokwisha kuipitisha, akatoa korosho saba zenye madoa, akazipanga kwenye kiganja chake bila kusema neno. Nikavua miwani, nikaleta kiganja chake karibu na uso wangu. Alikuwa sahihi. Tangu hapo kila sampuli nikawa naipima kwa kuvua, kuangalia, kuvaa.

Baadaye mtaalamu mmoja alinifafanulia. Lenzi ya kijivu hupunguza rangi zote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo nyekundu hubaki nyekundu na kijani hubaki kijani, ila kila kitu hufifia kidogo. Kahawia huzuia zaidi upande wa bluu. Kwa mtu anayetazama mbali kwenye ukungu au vumbi hiyo ni faida, vitu vinajitenga vizuri. Kwa mtu anayechambua korosho, au fundi cherehani anayelinganisha uzi na kitambaa, ni hasara. Dakika moja ya mazungumzo dukani ingetosha kuniokoa msimu mzima.

Jambo la pili ni mlango wa ghala. Wanaotangaza lenzi hizi husema zinabadilika zenyewe, na ni kweli, lakini kwenda na kurudi si safari moja. Kuingia weusi ni haraka: nikitoka nje, kabla sijafika kwenye mizani, lenzi zimekwisha kukolea sehemu kubwa. Kurudi kuwa nyeupe kunataka subira. Nilipima kwa saa ya simu, siku kadhaa, nikisimama karibu na meza yangu. Baada ya dakika mbili naweza kusoma namba kubwa kwenye gunia. Baada ya tano ndipo naona kitabu bila kukunja uso. Ghala letu lina madirisha madogo juu, karibu na bati, na jicho lenyewe hata bila miwani linahitaji muda kuzoea giza la ndani likitoka kwenye jua kali. Ukijumlisha na lenzi iliyobaki nyeusi, unaingia kama mtu aliyefungwa kitambaa. Nimewahi kuandika 68 mahali pa 86. Mkulima mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwa upole, nikafuta na kusaini pembeni kama utaratibu unavyotaka. Usiku ule sikulala vizuri.

Mimi nina bahati moja ambayo si ya kila mtu. Sisi wenye kasoro ya namba tatu tunasoma karibu bila miwani. Kwa hiyo siku hizi nikivuka mlango naivua, naitundika shingoni kwa kamba, naandika, naivaa nikitoka. Na meza yangu nimeiomba isogezwe ikae karibu na mlango, mwanga uniangukie begani. Lakini mwenye namba za kuongeza, yaani yule anayehitaji miwani ili asome, hawezi kufanya hivyo. Karani wa namna hiyo akinunua lenzi hizi anahitaji kujua mapema kwamba kila akiingia ndani ana dakika kadhaa za kungoja, au awe na miwani ya pili nyeupe mezani.

Kuna na jambo ambalo hakuna duka litakalokuambia, nalo kwangu lina uzito kuliko yote. Msimu ule wa kwanza alikuja mzee mmoja na magunia matatu. Nikamwamkia, shikamoo babu. Akaitikia marahaba, akanitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, vua hiyo miwani tuonane macho. Mtu anayenipimia mali yangu nataka nimwone anaangalia wapi." Sikukasirika, kwa sababu nilijua anachosema. Wakulima wetu wana kumbukumbu ndefu kuhusu mizani, na mtu mwenye miwani nyeusi mbele ya mizani huonekana kama anaficha kitu. Nikavua, nikamweleza kwamba ni miwani ya kuonea na jua ndilo linaloitia weusi, nikamshika mkono tukaingia ghalani, tukakaa pamoja, akaiona inarudi nyeupe mikononi mwake. Aliishika kwa vidole viwili kama kifaranga. Kisha tukatoka, akasimama upande wangu wa mizani badala ya upande wa mkulima, tukasoma kilo pamoja. Tangu siku ile, mkulima yeyote mgeni namwonyesha kwanza. Inachukua muda, lakini ni muda halali.

Nilidhani kivuli cha mkorosho kingenisaidia nisionekane na miwani nyeusi. Hakisaidii. Hata ukiwa chini ya mti, au siku ya mawingu, lenzi hukolea kiasi, kwa kuwa kinachozibadilisha si ukali wa mwanga tunaouona, ni mionzi ya urujuanimno, ile ambayo watu wa duka huiita yuvi. Mionzi hiyo husambaa kutoka angani kote, si kutoka kwenye duara la jua peke yake.

Hapo ndipo pana kiini cha jambo, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ukielewa hili utaelewa karibu kila kinachofuata. Ndani ya lenzi ya plastiki, aghalabu kwenye tabaka jembamba la juu, kuna chembe za rangi ambazo zikiwa zimejikunja hazionekani. Mionzi ya urujuanimno ikizigonga zinafunguka, na zikifunguka zinanyonya mwanga, lenzi inakuwa nyeusi. Mionzi ikikosekana, zinajikunja tena. Na kinachozisukuma zijikunje, kwa sehemu kubwa, ni joto. Maana yake pale uwanjani kuna mvutano usiokoma juu ya pua yako: jua linazifungua, joto linazifunga.

Sasa fikiria Mtwara. Tuko kiasi cha nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya katikati ya Oktoba na mara nyingine mnamo wiki ya tatu ya Februari. Saa sita mchana siku hizo kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Mtu angetegemea miwani hii iwe nyeusi kuliko wakati wowote. Mimi pia nilitegemea hivyo. Badala yake niligundua kwamba inakolea zaidi Juni na Julai, kusi inapovuma na asubuhi ya huku juu kwenye uwanda wa Makonde inamtaka mtu avae sweta. Februari nikishuka pwani kwa shughuli za chama, nikisimama Mikindani pale ufukweni jua likiwa limesimama wima, lenzi zangu zilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa maji. Nilirudi dukani nikiamini nimeuziwa bandia. Yule kijana alizipeleka nje, akazitazama, akasema hazina tatizo. Alisema kweli, ila hakujua kunieleza kwa nini. Ni joto. Na baridi ina upande wake pia: Julai ileile inayozikoleza ndiyo inayozichelewesha kurudi nyeupe, ndiyo maana kosa langu la kuona vibaya ghalani huwa kubwa zaidi asubuhi zenye ubaridi.

Nasisitiza hili kwa sababu lenzi hizi zina kipimo cha kimataifa, ISO 8980-3, na weusi unaotajwa kwenye karatasi za watengenezaji kwa kawaida ni ule uliopimwa kwenye nyuzijoto 23. Ishirini na tatu! Huo ni ubaridi wa alfajiri kwetu. Kipimo hicho hicho kina sehemu inayoeleza namna ya kuipima lenzi kwenye nyuzi 35, kusudi ijulikane inavyofanya kwenye joto. Hiyo ndiyo namba inayomhusu mtu wa Mtwara, Lindi na Kilwa. Kila mara nikiiulizia dukani, naonyeshwa picha ya mwanamke mzungu anatabasamu kwenye theluji.

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa Coaster kati ya Mtwara na Lindi. Yeye naye namba zake ni za kutoona mbali, ndogo kuliko zangu. Aliponiona na miwani ile akaipenda, akanunua kwa neno langu. Wiki haikuisha akanipigia simu akiwa Mingoyo: "Dada, miwani yangu imekufa." Jua la alasiri, ukitoka Mtwara kuelekea Lindi, linakupiga usoni na ubavuni njia nzima, naye alikuwa ameendesha akiwa amekunja macho, lenzi nyeupe kama glasi ya maji. Nikamwambia shuka garini, simama juani, hesabu mpaka sitini. Akanyamaza. Kisha akasema, "Imekuwa nyeusi." Rudi ndani. Ikarudi nyeupe.

Kioo cha mbele cha gari ni matabaka mawili ya kioo yaliyobandikwa kwa plastiki katikati, na hayo kwa pamoja huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Bila mionzi hakuna kinachozifungua zile chembe. Dereva anapigwa na mwanga wote, lakini kile kinachoiamsha miwani kimebaki nje ya kioo. Vioo vya pembeni hupitisha kiasi, kwa hiyo abiria wa dirishani anaweza kuona lenzi zake zimekolea kidogo, dereva asione kitu. Zipo lenzi za aina nyingine zilizotengenezwa ziitikie pia mwanga wa kawaida, na hizo huingia weusi wa kiasi hata ndani ya gari, ila ndani ya nyumba hubaki na kivuli chepesi cha rangi. Mdogo wangu hakuambiwa kuwa zipo. Hakuambiwa lolote. Alisema ni dereva, tena alikuwa na funguo za gari mkononi.

Naona uchungu zaidi kwa hili kuliko kwa laki yangu na themanini. Gari lile linabeba watu.

Leo ana miwani miwili. Mmoja mweupe wa kawaida, mmoja mweusi moja kwa moja wenye namba zake, unakaa kwenye kikasha pale pembeni ya usukani, si juu ya dashibodi linapochoma jua. Miwani ya jua hupangwa kwa madaraja, sifuri hadi nne. Wake ni daraja la tatu, linalopitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga. Daraja la nne ni jeusi mno, halifai kuendeshea, na mwuzaji yeyote anayempa dereva hilo anafanya kosa kubwa. Jua likizama anabadilisha kabla ya kuwasha taa.

Vijana wa bodaboda ni habari nyingine. Wao hawana kioo cha mbele, kwa hiyo lenzi za kubadilika zinawafaa vizuri, na jioni katika joto letu zinawahi kurudi nyeupe. Ila kijana akishusha kioo cha helmeti aone kama lenzi zinakolea. Vioo vingi vya helmeti ni vya polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, na polikaboneti huzuia mionzi ile ile, kwa hiyo yatamkuta yaliyomkuta dereva wa Coaster.

Na hapo kuna faraja kwa mwenye hela kidogo. Ikiwa shida yako ni kulinda macho na mionzi, si kupunguza mwanga, basi lenzi nyeupe ya polikaboneti yenye namba zako inaizuia karibu yote bila kubadilika rangi hata chembe. Miwani myeusi ya kuning'inizwa kwenye mabango sokoni, isiyo na kinga, inaweza kuwa hatari kuliko kutovaa: giza linaifanya mboni ipanuke, na mionzi inapita kwenye mlango uliofunguliwa zaidi. Mwenye kipato kidogo avae lenzi nyeupe yenye kinga na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Kofia haisaidii sana kwa wavuna chumvi wa Lindi na Mtwara, kwa sababu kwenye majaruba mwanga unawapiga kutoka chini, ile nyeupe ya chumvi inaurudisha wote usoni. Wale wanahitaji lenzi nyeusi kweli, na fremu pana inayokumbatia uso, maana mionzi inapita pembeni.

Mwenzangu mmoja wa chama jirani alichagua njia yake, lenzi za polaraizi, zile zinazokata mng'ao wa maji na barabara. Kwa mvuvi ni nzuri sana. Yeye aliposimama mbele ya mizani ya kidijitali, namba zikatoweka. Akiinamisha kichwa begani zinarudi. Vioo vya namna hiyo vya mizani, na vya baadhi ya simu, hutoa mwanga ambao lenzi hizo huukata ukiwa na mwelekeo fulani. Amezirudisha nyumbani, anavaa Jumapili.

Watu hufikiri haya mambo ni mapya. Marehemu baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na miwani ya kubadilika tangu mimi mtoto. Yake ilikuwa ya kioo halisi. Kioo cha namna hiyo kilivumbuliwa kwenye maabara za kampuni ya Corning huko Marekani miaka ya 1960, na William Armistead na Donald Stookey, waliotia ndani yake punje ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha, jamii ya zile zilizotumika kwenye filamu za picha. Plastiki zilikuja kushika soko kuanzia miaka ya 1990. Baba alikuwa na namba kubwa, kwa hiyo lenzi zake zilikuwa nene pembeni na nyembamba katikati, na kwa kuwa fedha imeenea kwenye kioo chote, pembeni palikuwa peusi zaidi na katikati pamepauka. Tukimtazama akiwa gwaride la asubuhi tuliona duara mbili nyepesi katikati ya miwani. Ilikuwa nzito. Alipoivua, puani kulibaki mashimo mawili. Lakini ilidumu miaka na miaka.

Hizi za plastiki hazidumu hivyo, na hili nalo sikuambiwa. Chembe zile huchoka. Baada ya miaka miwili au mitatu ya kuvaliwa kila siku, lenzi hukolea kidogo kuliko zamani, na ndani ya nyumba hubaki na unjano. Yangu ya kwanza ilifika miaka mitatu. Mwaka wa mwisho nilikuwa navaa miwani ya kawaida kwa bei ya miwani ya kubadilika.

Namna ya kuijaribu ni rahisi na haina gharama. Kata karatasi, ibandike nusu ya lenzi, toka juani dakika moja, ondoa karatasi. Ukiona mpaka ulionyooka kati ya nyeusi na nyeupe, lenzi iko hai. Mimi nina njia nyingine niliyoigundua kwa jirani yangu wakala wa pesa. Ana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Nilikuwa nimeweka miwani kwenye kaunta yake nikihesabu fedha, taa ikiwaka, nilipoichukua nikaona lenzi moja ina doa jeusi mahali mwanga ulipoipata. Taa ile hutoa mionzi ya urujuanimno. Tangu siku hiyo jirani zangu kadhaa wamepeleka miwani yao kwa wakala kabla ya kumaliza malipo dukani, na mmoja aligundua kwamba alichopewa kama cha kubadilika ni lenzi nyeupe ya kawaida.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka ya miwani Mtwara, Lindi na Masasi ni hili. Mteja akiingia, kabla ya kumwonyesha fremu, muulizeni anashinda wapi kuanzia asubuhi hadi jioni. Yuko nyuma ya usukani? Anaingia na kutoka ndani mara ngapi? Anachambua vitu kwa rangi? Anasoma karibu kwa miwani au bila? Mpeni lenzi ya mfano atoke nayo nje, arudi nayo ndani, akae na saa ya simu yake. Mwandikieni kwenye risiti lenzi ni ya aina gani na inategemewa kudumu muda gani. Na waambieni waagizaji wenu wa mizigo wa Dar es Salaam wawape ile takwimu ya nyuzi 35. Mkiikosa, mwambieni mteja kwamba kwenye joto letu lenzi itakolea kidogo kuliko inavyoonyeshwa kwenye picha. Atanunua tu. Mimi ningenunua, tena ningechagua kijivu tangu mwanzo.

Duka ambalo tayari linayo takwimu hiyo nalisihi lijitokeze kupitia ukurasa huu wa barua. Mabinti wawili wanaovuna chumvi na karani mwenzangu mmoja anayehitaji miwani ya kusomea wameniomba niwasindikize kununua kabla msimu haujafunguliwa Oktoba, na mpaka leo sijui niwapeleke mlango gani.

Karani wa chama cha msingi,
Tandahimba, Mtwara